Kumchua Mama Mjamzito: Mahali pa Kushika na Mahali pa Kuacha



Katika vijiji vyetu vingi mama mwenye mimba huchuliwa. Mgongo ukimuuma, huchuliwa. Miguu ikichoka, huchuliwa. Tumbo likimkaza, huitwa bibi anayeijua kazi hiyo. Bibi huja na mafuta ya nazi, au ya ufuta, au samli. Huchua taratibu huku akizungumza. Mama hupata nafuu, akalala usingizi.

Jambo hilo si baya. Mkono wa mtu anayekupenda hutuliza. Lakini mkono huo huo ukiwekwa mahali pasipofaa, au siku isiyofaa, unaweza kuleta msiba. Unaweza kumtoa mama damu. Unaweza kumwua mtoto kabla hajazaliwa.

Basi leo tujifunze namna ya kuchua kwa usalama. Soma polepole. Kama mama yako, bibi yako au jirani yako hajui kusoma, msomee.

Maneno makubwa ya leo ni matatu:

1. Mgongo, mabega, mikono na nyayo: chua taratibu.
2. Tumbo: usikande, usibonyeze, usigeuze mtoto.
3. Ukiona dalili ya hatari: usichue kabisa. Mpeleke mama zahanati.

Sasa tuone sababu zake, moja baada ya nyingine.

KUCHUA KUNASAIDIA NINI?

Mimba ni mzigo. Mtoto anapokua, tumbo huenda mbele. Mama hujivuta nyuma ili asianguke. Ndiyo maana mgongo na kiuno humuuma. Tena wakati wa mimba viungo vya nyonga hulegea, ili mtoto apate njia ya kutokea. Viungo vikilegea, maumivu huongezeka.

Mama huyo huyo hubeba ndoo ya maji. Huinama shambani. Hutwanga na kupika. Jioni amechoka kabisa.

Ukimchua mgongo na mabega taratibu, misuli iliyokaza hulegea. Moyo wake hutulia. Hulala vizuri. Hiyo ndiyo faida ya kuchua, nayo si ndogo.

Lakini kuchua kuna mpaka wake. Kuchua hakuongezi damu mwilini. Hakuponyi malaria. Hakuponyi kifafa cha mimba. Hakuwezi kuchukua nafasi ya kliniki. Mama anayechuliwa kila siku na bibi hodari bado anahitaji kupimwa presha, damu na mkojo. Bado anahitaji chanjo ya pepopunda, vidonge vya kuongeza damu na chandarua chenye dawa.

NDANI YA TUMBO KUNA NINI?

Ndani ya tumbo la mama kuna mfuko wa uzazi. Ndani ya mfuko kuna maji, na ndani ya maji anaelea mtoto. Mtoto halili kwa mdomo wala havuti hewa kwa pua. Chakula na hewa yake hutoka katika damu ya mama. Vitu hivyo hupita katika kondo la nyuma, kisha katika mrija wa kitovu, mpaka kwa mtoto.

Kondo la nyuma limeshikamana na ukuta wa mfuko wa uzazi. Fikiri nyumba ya miti iliyokandikwa udongo jana. Udongo bado mbichi. Mtu akiusukuma ukuta kwa nguvu, udongo hubanduka, ukaanguka. Kondo nalo linaweza kubanduka tumbo likipigwa au likikandamizwa kwa nguvu.

Kondo likibanduka kabla ya mtoto kuzaliwa, hatari huwa mbili. Mtoto hukosa hewa. Mama naye hutoka damu nyingi. Wakati mwingine damu hiyo haionekani nje. Hubaki ndani, nyuma ya kondo. Mama huona maumivu makali, na tumbo huwa gumu kama ubao. Hapo mtu asiyejua husema, "Tumbo limekaza, mleteni bibi alikande." Kumbe kukanda ndiko kunaongeza hatari.

Kuna akina mama wengine ambao kondo lao limekaa chini, karibu na mlango wa uzazi. Hao wanaweza kutoka damu bila maumivu yoyote. Kuna wengine waliojifungua kwa upasuaji zamani. Hao wana kovu katika mfuko wa uzazi. Mfuko wenye kovu ukikandamizwa kwa nguvu, unaweza kupasuka. Mfuko wa uzazi ukipasuka, mama anaweza kufa katika muda mfupi sana.

Je, mkono wako unaweza kujua kondo limekaa wapi? Hauwezi. Hata mkono wenye uzoefu wa miaka 40 hauwezi. Jambo hilo hujulikana kwa kipimo cha picha ya tumbo, yaani ultrasaundi.

Huenda utasema, "Bibi yangu amekanda matumbo miaka mingi, na hakuna aliyekufa." Huenda ni kweli. Mtu anaweza kuoga mara kumi katika mto wenye mamba, akarudi nyumbani salama. Lakini mamba bado yumo.

Huenda pia utauliza, "Mbona muuguzi wa kliniki naye hunishika tumbo?" Ni swali zuri. Muuguzi hushika tumbo ili kujua. Hupima ukubwa wa mimba. Hutafuta kichwa cha mtoto kiko wapi. Husikiliza moyo wa mtoto. Mkono wake huuliza tu, haulazimishi.

Na mama mwenyewe akitaka kujipaka mafuta tumboni kwa sababu ngozi inavutika, ajipake. Apitishe kiganja juu ya ngozi bila kubonyeza. Hilo halina ubaya.

MTOTO AMEKAA VIBAYA. TUMGEUZE?

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa. Mama huambiwa, "Mtoto wako ametanguliza matako," au "Mtoto amekingama." Mara moja huitwa mtu wa kumgeuza. Tumbo hukandwa, husukumwa huku na huku, mama akilia kwa uchungu.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua akina mama 100 wenye mimba ya miezi 7. Katika hao, karibu 20 hadi 25 watakuwa na mtoto aliyetanguliza matako. Sasa ngoja mpaka mimba itimie. Katika akina mama wale wale 100, watakaobaki na mtoto aliyetanguliza matako ni 3 au 4 tu.

Wengine wote wamekwenda wapi? Watoto wao wamegeuka wenyewe. Mtoto wa miezi 7 bado ana nafasi ya kucheza. Hugeuka akiwa amelala mama yake, au akiwa shambani, bila kuguswa na mtu.

Sasa fikiri. Mama wa miezi 7 amekandwa leo. Baada ya wiki mbili anaambiwa kliniki kwamba mtoto amekaa sawa. Watu husema, "Bibi amemgeuza!" Lakini mtoto huyo angegeuka hata kama bibi angekuwa safarini. Kwa njia hii kukanda kumepata sifa isiyo yake, na hatari yake haisemwi.

Kwa nini watoto wachache hawageuki? Wakati mwingine kondo limekaa chini, likaziba njia. Wakati mwingine ni mapacha. Wakati mwingine mfuko wa uzazi una umbo tofauti. Ukimsukuma mtoto kwa nguvu bila kujua sababu, unaweza kubandua kondo. Unaweza kuubana mrija wa kitovu. Unaweza kuupasua mfuko.

Madaktari nao wakati mwingine hujaribu kumgeuza mtoto kwa kushika tumbo kwa nje. Lakini tazama wanavyofanya. Hungoja mpaka mimba ifike wiki ya 36 au 37. Hupiga picha ya tumbo kwanza. Husikiliza moyo wa mtoto kabla na baada. Hufanya hivyo hospitalini, mahali ambapo upasuaji unaweza kufanyika mara moja mambo yakiharibika. Na pamoja na ujuzi huo wote, ni karibu nusu tu ya watoto wanaogeuka. Je, sisi nyumbani, kwenye mkeka, tutakuwa na usalama gani?

Basi ukiambiwa mtoto amekaa vibaya, usiogope na usikimbilie kukandwa. Hudhuria kliniki kila tarehe uliyopangiwa. Kama mimba imefika miezi 9 na mtoto hajageuka, mpango wako uwe mmoja: kujifungulia hospitali yenye daktari na chumba cha upasuaji. Nenda mapema, kabla uchungu haujaanza.

DALILI ZA KUKUZUIA KUCHUA

Wewe unayechua, sikiliza vizuri sehemu hii. Mama akija kwako na dalili yoyote kati ya hizi, usimguse kwa mafuta. Mpeleke zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku:

1. Anatoka damu ukeni, hata kidogo.
2. Ana maumivu makali ya tumbo, au tumbo limekuwa gumu na halilegei.
3. Kichwa kinamuuma sana, au macho hayaoni vizuri, au anaona vimulimuli.
4. Uso na mikono vimevimba ghafla.
5. Amepata degedege au amezimia.
6. Ana homa.
7. Chupa imepasuka, au maji yanavuja ukeni.
8. Mtoto amepunguza kucheza, au hachezi.
9. Anasikia uchungu kabla mimba haijatimia.
10. Anahema kwa shida, au kifua kinamuuma.
11. Mguu mmoja umevimba na unauma.

Dalili ya 3, ya 4 na ya 5 zinaweza kuwa za kifafa cha mimba. Presha ya mama imepanda sana. Watu wengine humchua kichwa, au humkanda miguu ili "maji yatoke". Muda unapotea. Mama anahitaji kupimwa presha na kupewa dawa, na dawa hizo haziko katika chupa ya mafuta ya nazi.

Miguu yote miwili kuvimba kidogo jioni ni jambo la kawaida kwa wajawazito wengi. Mama akae, ainue miguu juu ya kigoda, apumzike. Lakini hata hivyo aende kupimwa presha. Macho hayawezi kuiona presha.

MGUU MMOJA ULIOVIMBA

Dalili ya 11 tuieleze zaidi, kwa sababu wengi hawaijui.

Wakati wa mimba damu ya mama huganda upesi kuliko siku nyingine. Mwili unajiandaa kwa siku ya kuzaa, ili damu isimwagike nyingi. Ni mpango mzuri. Lakini wakati mwingine damu huganda mahali pasipofaa, ndani ya mshipa wa mguu. Hatari hii inaendelea mpaka wiki 6 baada ya kujifungua, na hata kidogo zaidi.

Mama wa namna hii huona mguu mmoja umevimba kuliko mwingine. Shavu la mguu au paja linauma. Ukigusa, ni la moto. Mara nyingi huwa mguu wa kushoto.

Ukimwona mama huyo unaweza kusema, "Ni msuli tu, ngoja niukande." Usifanye hivyo! Pande la damu iliyoganda linaweza kung'oka. Likingo'ka husafiri na damu mpaka kwenye mapafu. Huko huziba njia. Mama hushindwa kuhema, na anaweza kufa hapo hapo mikononi mwako.

Kwa hiyo, hata kwa mama mzima asiye na dalili, usikande kwa nguvu mashavu ya miguu wala sehemu ya ndani ya mapaja. Miguu yake ipake mafuta kwa kiganja chepesi. Nyayo na vidole unaweza kuvichua taratibu.

MAMA ANAPOKUJA KWAKO

Tuseme wewe ni bibi unayechua. Mama kijana wa jirani amekuja jioni. Tazama mfano huu wa mazungumzo:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae. Habari za mimba?"

"Nzuri kidogo, bibi. Kiuno kinaniua. Naomba unichue, na tumbo pia."

"Pole mwanangu. Mimba ina miezi mingapi sasa?"

"Miezi 7, bibi."

"Kadi yako ya kliniki umekuja nayo? Mwisho ulikwenda lini?"

"Nilikwenda wiki iliyopita. Waliniambia presha ni nzuri."

"Vema. Umeona damu yoyote? Kichwa kinauma? Mtoto anacheza?"

"Sijaona damu, bibi. Kichwa hakiumi. Mtoto anacheza sana usiku."

"Hebu nione miguu yako yote miwili. Haya, iko sawa. Uzazi wa kwanza ulijifungua kwa kisu?"

"Hapana, bibi. Kwa kawaida."

"Basi lala ubavu, nikuchue kiuno na mabega. Tumbo sitalikanda. Siku hizi tumejua kwamba tumbo huachwa. Likikusumbua, wende kwa muuguzi akalipime."

"Ahsante bibi."

Umeona, ndugu msomaji? Bibi huyu hakupoteza heshima yake. Ameiongeza. Ameuliza kabla ya kugusa. Maswali yake hayakuchukua hata dakika tano. Kama angejibiwa kwamba kuna damu, maswali hayo yangeokoa watu wawili.

NAMNA YA KUCHUA KWA USALAMA

Kama hakuna dalili ya hatari, fuata mambo haya:

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Kata kucha. Vua pete na bangili zisije zikamkwaruza.

Pili, mlaze mama ubavu. Ubavu wa kushoto ni mzuri zaidi. Weka mto, au khanga iliyokunjwa, katikati ya magoti yake, na nyingine chini ya tumbo. Au mketishe kwenye kigoda, aegemee mbele juu ya kitanda, mgongo ukuelekee wewe. Usimlaze kifudifudi. Tangu mwezi wa 5, usimlaze chali muda mrefu. Akilala chali, mtoto huulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mama huona kizunguzungu, na mtoto naye hupata damu kidogo.

Tatu, tumia mafuta safi ya kawaida, kama ya nazi, ya ufuta au ya alizeti. Pasha mikono yako joto kwa kuisugua. Dawa za kuchua za dukani zinazowasha, zenye kafuri au harufu kali, usizitumie mpaka umemwuliza muuguzi. Dawa hupita katika ngozi, ikaingia katika damu. Dawa za miti usizozijua pia ziache.

Nne, tumia nguvu ndogo. Mama anapochuliwa awe anaweza kuzungumza nawe bila kukunja uso. Akikunja uso au akizuia pumzi, punguza. Chua pande mbili za uti wa mgongo, usibonyeze juu ya mfupa wenyewe. Usimpande mgongoni wala usimruhusu mtoto amkanyage.

Tano, ukitumia kitambaa cha maji ya moto, kiwe cha uvuguvugu tu. Kijaribu kwanza ndani ya kiwiko chako. Kiweke kiunoni au mabegani. Usikiweke tumboni.

Sita, usimchoshe. Robo saa hadi nusu saa inatosha. Mama akinyanyuka, akae kwanza, kisha asimame taratibu.

Saba, acha mara moja akiona kizunguzungu, maumivu, au tumbo kuanza kukaza na kuachia. Mlaze ubavu wa kushoto apumzike. Hali hiyo isipokwisha, mpeleke zahanati.

Huenda utauliza juu ya miezi 3 ya mwanzo. Mimba nyingi zinazotoka wakati huo hutoka kwa sababu mtoto hakuumbika sawasawa tangu mwanzo. Si kwa sababu mama alichuliwa mabega. Basi mimba ikitoka, tusimlaumu mama wala aliyemchua mgongo. Lakini kubonyeza tumbo ni vibaya katika mwezi wowote.

SIKU YA UCHUNGU

Siku ya kujifungua ndiyo siku ambayo mkono wa kuchua una kazi kubwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya kuzalisha. Mwongozo huo unasema kwamba kumchua mama na kumwekea kitambaa cha joto ni njia nzuri za kumpunguzia uchungu. Unasema pia kwamba mama awe na mtu wa kumsindikiza anayemtaka mwenyewe.

Basi bibi, au mama mkwe, au mume, anayekwenda na mama kituo cha afya, na aombe ruhusa kwa mkunga. Uchungu unapokuja, weka kiganja chini ya kiuno cha mama, juu ya makalio. Sugua kwa mzunguko, au shikilia tu. Mama atakuambia mahali panapompa nafuu.

Lakini tumbo bado ni mwiko. Watu wengine hulisukuma tumbo kwa juu ili mtoto atoke upesi. Mwongozo huo huo wa mwaka 2018 unakataza jambo hilo. Unaweza kumwumiza mama na mtoto. Usimpe pia dawa za miti za kuongeza uchungu. Zinaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi mpaka ukapasuka.

BAADA YA KUJIFUNGUA

Mama akishajifungua na kondo likatoka, mkunga hushika tumbo kuona kama mfuko wa uzazi umekaza. Mfuko uliolegea hutoka damu nyingi. Hiyo ni kazi ya mkunga, naye anajua sababu yake.

Nyumbani mambo huwa mengine. Katika sehemu nyingi mama aliyejifungua hukandwa tumbo kwa maji yanayochemka, eti damu mbaya itoke. Akina mama wengine wameungua vibaya kwa ajili hiyo. Damu ya uzazi hutoka yenyewe siku hadi siku. Haihitaji kuchomwa. Mama na aoge maji ya uvuguvugu, ale vizuri, apumzike.

Kama alijifungua kwa upasuaji, tumbo na kovu lake lisiguswe isipokuwa kwa kuoshwa taratibu, kama alivyoagizwa hospitalini. Na kumbuka habari ya mguu mmoja uliovimba. Hatari hiyo bado ipo.

Damu ikimtoka nyingi, homa ikampanda, au uchafu wenye harufu mbaya ukatoka, arudi hospitali mara moja.

BABA, NAWE UNA KAZI

Ndugu yangu mwanamume, usiseme haya ni mambo ya wanawake. Wewe pia una mikono. Mchue mkeo mgongo jioni. Mwondolee ndoo nzito. Nenda naye kliniki. Weka akiba ya nauli mapema, na mkubaliane na jirani mwenye chombo. Katika Tanzania kuna mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito unaoitwa m-mama. Mama akipatwa na hatari, piga simu namba 115. Hulipi kitu. Iandike namba hiyo mlangoni.

Je, juhudi hizi zina matunda? Tazama hesabu za Tanzania. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa akina mama 63 katika kila 100 walijifungulia katika vituo vya afya. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wamefika 81. Katika miaka hiyo hiyo, vifo vya akina mama kwa sababu ya uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000. Hiyo ni kazi kubwa iliyofanywa na wauguzi, madaktari na wananchi. Lakini 104 bado ni wengi. Kila mmoja wao alikuwa mama wa mtu.

Wazee wetu walikuwa na mikono mizuri. Hatusemi waiweke mfukoni. Tunasema waihamishe. Itoke tumboni, iende mgongoni. Na kabla ya kugusa, waulize.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI AU NYUMBANI

1. Kwa nini si vizuri kukanda tumbo la mama mjamzito?
2. Kati ya watoto 20 hadi 25 waliotanguliza matako katika mwezi wa 7, ni wangapi hubaki hivyo mimba inapotimia? Wengine hugeuzwa na nani?
3. Taja dalili tano ambazo ukiziona hutamchua mama.
4. Mama ana mguu mmoja uliovimba na wa moto. Utafanya nini? Kwa nini?
5. Katika kijiji chenu nani huchua wajawazito? Mtamfikishiaje maneno haya kwa heshima?